Tiketi ya Tano ya Sista Monicah

"Taarifa ya habari ikiisha kabla hatujaona ziwa, tumechelewa," alisema mwanamke aliyekuwa amenipakia, na papo hapo mtangazaji akaaga. Alizima redio. Barabara ilizunguka mashamba ya mahindi, ikashuka, ndipo ziwa likajitokeza mbele yetu, kubwa na kimya, na kando yake kilima kimoja kilichochongoka kama rundo la mchanga waliloliacha mafundi.

"Asego," alisema, akikionyesha kwa kidevu. "Na huo mji chini yake ndio Homa Bay. Karibu. Tumechelewa."

Sikuwa nimewahi kufika. Kwa kazi yangu ya kuandika nimezoea kuingia miji nisiyoijua, na kwa kawaida huanza kuijulia sokoni, lakini huu niliuingilia hospitalini kwa sababu ya mguu. Siku tatu kabla ya hapo, kule Macalder, nilikuwa nikiteremka kuona wachimbaji wanavyoosha udongo kutafuta dhahabu, nikakanyaga kipande cha bati. Nilijifunga kitambaa mwenyewe nikaendelea na safari. Huo ndio uzembe wa watu wanaohama kabla jeraha halijakauka. Nilipofika Migori mguu ulikuwa umevimba na umeanza kunuka. Asubuhi, kwenye kituo cha petroli pale mtaa wa Suna, mwanamke aliyevaa sweta juu ya sare ya uuguzi aliniona nikichechemea, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninatafuta hospitali. Aliutazama mguu. Usoni hakunitazama tena.

"Panda. Mimi nafanya kazi Homa Bay. Huo mguu unataka watu."

Jina lake lilikuwa Monicah Achieng, mkunga, miaka hamsini na mmoja. Njiani aliniambia kwamba kila asubuhi ya zamu huchukua abiria mmoja pale kituoni. Mmoja tu, na hamtozi. Leo mwalimu, kesho mwuza samaki, siku nyingine askari jela. Nikamwuliza sababu.

"Nyumba yangu ni kimya," alisema. "Wodi ni kelele. Hapa katikati nataka tu mtu wa kuongea naye kidogo."

Ilikuwa Ijumaa. Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji. Tulipoingia langoni nilidhani amekufa mbunge. Uwanja ulikuwa umejaa magari mpaka kwenye maua, na karibu yote yalikuwa na utepe mwekundu kwenye vioo vya pembeni. Mbele ya mochari palikuwa na gari refu lililofungwa matawi mabichi, na akina mama walikuwa wakiimba kwa sauti za watu waliokesha.

"Nani amekufa?" niliuliza.

"Leo wanachukuliwa wanne."

"Watu wanne, na magari yote haya?"

Monicah alikuwa akizunguka polepole akitafuta mahali. "Mengine ni ya mochari," alisema. "Mengine ni ya maabara." Akaanza kunionyesha kwa midomo. Lile jeupe la fundi wa maabara. Lile la kijani la duka la dawa. Ile Probox ya Odhiambo wa eksirei.

"Odhiambo amefiwa?"

"Odhiambo hufiwa kila Ijumaa," alisema, na hakucheka.

Tulizunguka mara mbili. Nafasi zilizoandikwa kwa rangi nyeupe kwamba ni za wafanyakazi zote zilikuwa zimekaliwa. Mwishowe aliliegesha gari kando ya tangi la maji, magurudumu mawili yakiwa juu ya ukingo, akatoka akatazama kushoto na kulia kama mtu anayeacha kitu asichopaswa kukiacha.

Jambo hilo lilinichukua siku kadhaa kulielewa, na siku nilikuwa nazo. Daktari aliupasua mguu, akausafisha, akaniamuru nirudi kila siku kufungwa upya, na nisithubutu kusafiri. Nikakodi chumba mjini. Kila asubuhi niliketi kwenye benchi la wanaongojea bandeji, na anayeketi benchi moja wiki nzima huambiwa kila kitu.

Katika nchi hii maiti huzikwa Jumamosi, ili watoto wa marehemu wapate kufika kutoka Nairobi, Mombasa na kwingine walikotawanyika. Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa ndizo siku za kuwachukua wafu mochari, na kila mfu huja kuchukuliwa na magari kumi au ishirini yenye utepe mwekundu wa msiba. Hospitali ilipoamua kwamba uwanja umekuwa fujo, ilileta utaratibu: wafanyakazi wapewe stika, waegeshe kwenye mistari, na anayeegesha nje ya mstari abandikiwe tiketi. Faini ilikuwa ndogo na hakuna aliyeiogopa. Kilichoogopwa ni faili. Tiketi tano ndani ya mwaka mmoja, mkataba wako ukiisha hauongezwi.

Kitabu cha tiketi alikabidhiwa mlinzi wa lango, mzee mmoja mpole aitwaye Obare. Ijumaa ya kwanza Obare alifanya kazi yake sawasawa, akabandika tiketi kwenye pikapu iliyokuja kumchukua bibi mmoja wa Kendu Bay. Familia haikusema neno. Waliondoka nayo vilevile kiooni. Kesho yake, mbele ya kaburi na mbele ya waombolezaji mia tano, mchungaji aliisoma tiketi ile pamoja na salamu za rambirambi, tangu namba ya gari hadi jina la hospitali. Simu zilizopigwa Jumapili hiyo, Obare aliniambia, zilifanya hata padri mkuu akose kula. Jumatatu likatoka agizo: gari lenye utepe mwekundu lisiguswe.

"Wiki hiyo hiyo," Obare alisema, "utepe ukaisha dukani."

Ndivyo ilivyokuwa. Wafanyakazi waliofika Alhamisi na Ijumaa wakikuta nafasi zao zimechukuliwa na wafiwa, nao wakiwa hawawezi kumgongea mfiwa kioo na kumwambia asogee, walijifunga utepe nao wakaegesha popote. Hakuna mtu wa hapa angemsogeza mfiwa. Ilikuwa rahisi zaidi kufiwa naye. Obare alikuwa akiwajua mmoja mmoja. Aliona utepe, akatii agizo, akapita.

Ni Monicah peke yake aliyekataa.

Mume wake, Clifford, alikuwa mwalimu wa useremala huko Migori. Alikufa miaka minne iliyopita, hapa hapa, wodi ya wanaume, na Ijumaa moja akatolewa kwenye mlango ule ule wa mochari. Gari alilokuwa akiendesha Monicah lilikuwa la Clifford. Siku hiyo lilifungwa utepe likamfuata hadi Karungu, kwenye boma la baba yake, kando ya ziwa. Baada ya mazishi Monicah aliukata kwa mkasi wake wa kazi, ule wa kukatia vitovu, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye mkoba.

"Utepe ukishafungwa kwa sababu, haufungwi tena kwa mchezo," aliniambia. "Watu wanasema ni kitambaa. Sawa. Hata sanda ni kitambaa."

Hayo aliniambia Jumatatu, ndani ya gari lake, saa saba mchana. Tangu Clifford afariki, Monicah alikuwa akila chakula chake cha mchana humo, vioo vikiwa vimeshushwa kidogo, bakuli mapajani. Alikuja mwenyewe kunitoa kwenye benchi. "Mgeni, njoo ule," alisema, na nikajua si chakula tu. Kulikuwa na viazi vitamu na omena, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa kwa nyanya. Alinipa kijiko, yeye akatumia mkono.

Alikuwa amekwisha kupata tiketi tano. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo wa Novemba. Alihitaji moja tu ifutwe, na alikuwa amechagua ya tano.

Asubuhi ya tiketi ile alikuwa amemwokota njiani, kwenye mji mdogo wa Rodi Kopany, mwanamke mjamzito aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akilia. Alimfikisha mlango wa wodi ya wazazi, akaliacha gari pale pale mlangoni, mlango wa nyuma haujafungwa, akaingia naye. Mtoto alizaliwa salama. Mama akavuja damu. Monicah alipotoka, mlango wa gari ulikuwa umefungwa na mtu mwenye huruma, na tiketi ilikuwa kiooni.

"Obare alinibandikia akiomba msamaha. Nilikuwa sina utepe. Angefanyaje?"

"Basi hiyo watafuta," nilisema. "Nani hatafuta hiyo?"

Alilamba kidole. "Kesho ndiyo kamati ya kusikiliza ombi langu. Kanuni inasema naruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kukaa nami. Anaweza kuwa mfanyakazi au mtu wa nje. Haruhusiwi kusema. Anakaa tu."

Alikuwa amewaomba wenzake watatu. Wa kwanza alisema ana zamu. Wa pili alisema ana homa. Wa tatu, muuguzi kijana aliyefundishwa kazi na Monicah mwenyewe, alimwambia ukweli: "Sista, nikikaa hapo wataniuliza mimi naegesha wapi." Tangu alipowasilisha ombi lake, wengine walikuwa wameanza kunyamaza anapoingia chumba cha chai. Hawakuwa na chuki naye. Waliogopa kwamba akifungua mdomo, hatajua aufunge wapi.

"Sasa nimebaki na wewe," alisema. "Nimekujua siku nne."

Nimewahi kuombwa mambo mengi na watu nisiowajua, na mengi niliyakataa kwa kisingizio cha safari. Mara hii sikuwa na safari. Nilimwambia nitakuja.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na dirisha linalotazama uwanja. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ahmednur, msimamizi wa hospitali, aliyehamia kutoka Garissa miezi michache kabla. Alikuwa mtu mtaratibu mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri, na utaratibu wa tiketi aliukuta. Pembeni yake alikaa Liz wa ofisi ya wafanyakazi, na daftari. Wa tatu, mwakilishi wa wafanyakazi, alikuwa Odhiambo wa eksirei.

Odhiambo alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, wa kusalimia kwa mikono miwili. "Nyar Karungu!" alimwita Monicah, yaani binti wa Karungu, ingawa kule ni kwa mumewe, huo ulikuwa utani wao wa zamani. Kisha akaniona mimi na bandeji yangu. "Na huyu umemtoa wodi gani?"

"Wodi ya watu wenye nafasi," alijibu Monicah, na Odhiambo akacheka kidogo kuliko alivyokusudia.

Liz alinisomea kanuni ya kunyamaza. Nikakubali. Bwana Ahmednur akafungua faili.

"Sista Monicah, mimi sitaki kukupoteza," alianza. "Nimesoma rekodi yako. Sasa hii tiketi. Daftari la wodi linasema mama alijifungua saa mbili kasoro dakika ishirini. Tiketi imeandikwa saa tatu na robo. Hapo katikati hukupata hata dakika mbili ukasogeza gari?"

"Alikuwa anavuja damu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa nne. Imeandikwa."

Liz alifunua ukurasa akaufuata kwa kidole. "Imeandikwa," alisema.

"Hilo nimelikubali." Bwana Ahmednur aliegemea kiti. "Mimi naona njia ya kuifuta. Lakini juu yangu kuna bodi, na bodi itauliza swali moja. Tiketi zako zote tano ni za Ijumaa. Ijumaa ile ya mwisho, magari ya wafanyakazi thelathini na moja yaliingia langoni. Tiketi ni moja. Nikifuta bila maelezo wataniambia nimekupendelea. Kwa hiyo nisaidie. Siku hiyo wenzako waliegesha wapi? Nipe sentensi moja tu, niiandike, tumalize."

Aliuliza kwa wema. Hakuwa akijua. Gari lake lilikuwa na nafasi yake chini ya kibanda, penye jina, na tepe nyekundu za Ijumaa aliziona kama sisi wageni wote tunavyoziona: hii ni nchi inayozika kwa heshima.

Monicah alimtazama Odhiambo. Kutoka dirishani Probox ilionekana. Ilikuwa Jumanne, haina utepe, imekaa vizuri ndani ya mistari yake. Odhiambo alikuwa akiitazama kalamu, akiifungua na kuifunga.

Sentensi ile mimi nilikuwa nayo mdomoni. Nadhani hata mwili wangu ulisogea, kwa sababu Monicah alinigeukia, akanipa jicho moja kavu, lile analompa mume wa mgonjwa anayejaribu kuingia chumba cha kujifungulia. Nikarudi kitini.

"Wenzangu wamefiwa," alisema Monicah.

Bwana Ahmednur aliinua kichwa. "Wote?"

"Wengi wao."

"Innalillahi," alisema, na alimaanisha. "Poleni sana. Watu wa hapa mnafiwa mno, nimeliona hilo." Aliandika kitu. "Lakini, Sista, hilo halinijibu swali la paking."

"Ndilo nililo nalo."

"Hakuna lingine?"

Alingoja kabla ya kujibu. Alingoja kiasi cha mtu kuvaa viatu na kufunga kamba. "Hakuna."

"Bwana Odhiambo, wewe ndiye mwakilishi wao. Una la kuongeza?"

Odhiambo alikohoa. "Sista ni mfanyakazi mzuri. Mzuri sana. Kila mtu anajua. Kuhusu paking..." Kalamu ikafunguka, ikafungika. "Kuhusu paking, naona kila mtu na bahati yake."

Liz aliyaandika hayo pia.

Nje tuliketi kwenye ngazi, kwa kuwa mguu ulikuwa ukinipiga. Nilikuwa na hasira ya mtu ambaye jambo halimhusu, ambayo ndiyo hasira rahisi kuliko zote, nikamwuliza kwa nini.

"Nikisema, nani anafukuzwa?" alisema. "Fikiria. Hawatafukuza watu thelathini. Watauliza nani alikuwa anaona na hakuandika. Kazi hapa huanza kukatwa getini. Obare amebakisha mwaka mmoja astaafu."

"Na Odhiambo?"

"Odhiambo atapewa barua ya onyo na ataifanya utani." Alijipangusa magoti ingawa hayakuwa na vumbi. "Siku ya Clifford, Odhiambo ndiye aliyenifungia utepe. Mikono yangu ilikuwa haishiki kitu. Alifunga huku na huku, akajaribu kama umekaza, akaniambia *mos*, pole. Akanipeleka Karungu yeye mwenyewe, akalala kwenye kiti siku mbili. Huyo huyo."

Nilianza kusema neno la kumsifu. Alinikata.

"Usiniandike kama mtakatifu. Ulimwona Ahmednur akiniuliza mara ya pili? Nilikuwa namngoja Odhiambo. Mimi nisingemtaja, lakini nilitaka aseme mwenyewe. Aseme tu, 'Mkubwa, sisi hufunga utepe, yeye hafungi.' Nilimpa muda wote ule." Alisimama. "Basi. Nina mama aliyefunguka sentimita saba huko."

Barua ilikuja Alhamisi. Ilikuwa ya heshima. Iliusifu utumishi wake wa miaka kumi na mitatu, ikasema kamati haikupata maelezo ya kutosha, tiketi zibaki kama zilivyo, na mkataba hautaongezwa. Alinionyesha akiwa amesimama, akairudisha kwenye bahasha kwa mikunjo ile ile.

Ijumaa Odhiambo alikuja kuketi kwenye benchi letu. Alikuwa amebeba picha ya eksirei ya mtu mwingine, na nadhani aliichukua ili aonekane ana safari. Nje, Probox ilikuwa imepanda juu ya nyasi, tepe mbili zikipepea.

"Wewe ni mtu wa kuandika," alisema. "Sasa utaniandika."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimezoea sasa.

"Ulitaka nifanye nini, jaduong'?" Aliniita mzee, ingawa tunalingana. "Angenitaja, ningekubali. Haki ya Mungu. Angesema 'Odhiambo hufunga utepe,' ningesema ndiyo. Lakini mtu kujitoa mwenyewe pale, na Liz anaandika..." Aliinua picha kwenye mwanga, akaangalia mbavu za yule mtu asiyekuwapo. "Angefunga tu. Ni kitambaa. Mimi mwenyewe ningemfungia."

"Ulishamfungia," nilisema.

Alishusha picha. Kisha akaitwa na mtu kutoka ndani, akainuka. Jioni nilipita uwanjani. Utepe mmoja ulikuwa umefunguliwa. Wa pili ulikuwa bado umefungwa, na sikujua kama alighairi katikati au alichelewa tu.

Wiki mbili za mwisho za Monicah nilizitazama nikiwa benchini. Alikuja na abiria wake, akamteremsha langoni, akaegesha alipopata. Obare aliacha kuandika. Tiketi ya sita haikuwa na maana tena. Katika chumba cha chai walirudi kumwongelesha, tena kwa wingi, kama watu wanavyomwongelesha mgonjwa aliyekwisha kuambiwa. Walitaka kumfanyia sherehe ndogo, soda na mkate wa mayai. Alisema ana zamu. Kweli alikuwa na zamu, aliiomba mwenyewe.

Mchana tuliendelea kula garini. Tulizungumza machache. Siku moja aliniuliza lugha ngapi ninazijua, nikamtajia. Aliniuliza katika zote hizo, ni ipi nzuri ya kuongea na mtu asiyejibu. Nilidhani ni utani, nikatafuta jibu la utani, na nilipomtazama nikaona alikuwa akiniuliza kweli. Alisema huwa anamsimulia Clifford zamu yake, Suna, jikoni, akipika. Kwa Dholuo, lugha yao, analia. Kwa Kiswahili anaweza kufika mwisho.

Kazi nyingine aliipata Remba. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amefungua zahanati kwenye kisiwa kile, mabati yamebanana mpaka majini, maelfu ya watu wa kuvua omena na mbuta, na hakukuwa na mkunga. Mshahara ni mdogo. Angelala nyuma ya zahanati.

"Remba hakuna gari hata moja," aliniambia. "Hakuna hata mahali pa kuliweka." Hapo ndipo nilipomwona akicheka mara ya kwanza, kicheko kizuri, cha chini, kilichomshangaza mwenyewe. "Wacha wanibandikie mtumbwi."

Gari angeliacha Mbita, pa kupandia mtumbwi, kwa mtu wa kanisa lake. Nyumba ya Suna alikuwa ameifunga, ufunguo kwa jirani.

Aliondoka Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa amemaliza zamu na kukabidhi wodi. Nilikuwa benchini, zamu yangu ya bandeji haijafika. Alitoka na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya wodi na kikombe. Hakuna aliyemsindikiza. Labda hawakujua saa, au waliijua. Alikuja mpaka nilipokuwa.

"Usiulowanishe," alisema, akiutazama mguu. "Na usiondoke kabla hawajakuambia. Nakujua wewe."

"Utakuwa sawa huko?"

"Wanawake wanazaa kila mahali," alisema. Kisha, kwa sababu nilikuwa bado namtazama: "Sijui. Nitakuambia nikifika. Ah, nitakuambiaje? Basi."

Alinipa mkono, mkavu, wenye nguvu, akauondoa haraka.

Langoni Obare alikuwa amesimama wima kuliko kawaida. Alifungua, akashika kofia. Kutoka benchini nilisikia kila neno.

"Sista, nisamehe. Ile kalamu si yangu."

"Najua, Obare. Lakini mwandiko ni mzuri. Kamati nzima waliusoma bila shida."

Mzee akacheka kwa uchungu, na Monicah akamwambia asalimie nyumbani.

Gari lilitoka taratibu likasimama pale lango linapokutana na barabara kuu. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, jua likiwaka juu ya lami, hata pikipiki hakuna. Aliwasha indiketa hata hivyo. Akangoja kidogo, akitazama kulia, kushoto, kulia tena, akakata kuelekea Mbita. Mimi nikabaki benchini, na namba yangu ya foleni mkononi.